Belo la Masweta

Shuleni wanamwita Gari Bovu,
kwa sababu neno likimkwama hurudi lilipoanzia,
ka-ka-ka, kama stata asubuhi ya baridi,
na darasa zima la tano linahesabu kwa vidole.
Mikono yake imemtangulia kukua.
Inaangusha chaki, vikombe, ndoo ya jirani.
Magoti nayo yana safari zao.

Anaeli, mtoto wa marehemu dada yangu.

Nilimwambia: mwanangu, wewe ni hodari,
usiwasikilize. Akaniangalia
kama mtu aliyerudishiwa chenji ya noti bandia.
Na kweli, nilikuwa nimeitoa haraka mno,
namenya ndizi, bila hata kugeuka.

Sikurudia.

Mwezi wa sita, Moshi inatetemeka,
mlima umejivutia shuka hadi kidevuni,
nikamwamsha Jumamosi saa kumi na moja alfajiri
tukafungue belo la masweta Kiboriloni.
Nikampandisha juu ya meza.
Wewe ni mrefu, nikasema, nyanyua tu. Kuita ni kwangu.
Akanyanyua. Ile mikono ya kuangusha vikombe
ikapita turubai la Mama Ndeshi,
na sweta jekundu likaonekana tangu kijiwe cha bodaboda.

Saa nne sauti yangu ikakauka.
Si hila, jamani, mafua ya kweli.
Nikamnong'oneza: sema bei.
Akafumba macho kama anayeruka mfereji.

Swe-swe-swe-sweta! Bu-bu-buku mbili!

Nikabana pumzi, nikatazama nyuso.
Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema,
hilo la kijani, lete nilione.
Hakuna aliyehesabu.
Vidole vyote vilikuwa vinakagua mishono.
Maana sokoni nani husema neno mara moja?
Kushoto viatuviatuviatu,
kulia jero jero jero jero,
na muuza nyanya amekwama kwenye "njoo" tangu alfajiri.
Soko zima lina kigugumizi
na linalipa ada za watoto wake.

Saa sita, Kirita wa meza ya pili, yule mjanja,
naye akaanza: swe-swe-swe-sweta!
Anaeli akanywea. Mikono ikashuka.
Nikaliona darasa la tano limesimama juu ya meza ya watu.
Nikamvuta suruali, nikamwambia kwa sauti iliyobaki:
Yule hakucheki. Anakuibia.
Tazama, mteja wako huyo anaondoka.

Hakunijibu. Alimtazama Kirita,
akatazama rundo letu,
akavuta pumzi ndefu kama mkono wake
akalisukuma lile neno. Likagoma. Akalisukuma tena,
tena, hadi Kirita mwenyewe akaangua kicheko, akaacha,
akanunua chai mbili
na moja akampelekea mpinzani wake.

Aliimwaga nusu, bila shaka.

Sitasema amepona.
Jumatatu alirudi na wino kwenye kola,
mkanda wa begi umekatika.
Mwalimu alikusimamisha usome?
Akaitikia kwa kichwa.
Walicheka?
"Wa-walicheka."
Wakahesabu?
"Wa-walifika k-kumi na saba."
Akachomoa ndizi kwenye sufuria, ikamuunguza,
akaihamisha mkono hadi mkono, akaipuliza.
"Ni-nikamaliza ukurasa."

Nilikuwa namenya. Safari hii niliweka kisu chini,
nikageuka, nikamtazama,
na bado sikupata la kusema.

Yeye ndiye aliyeuliza
belo lijalo ni la makoti au la suruali.
Maana suruali, alisema, akijaribu mdomoni,
su-su-su-suruali,
hiyo itauzika.